Wale Watatu wa Dorotea

Ndoo ya maji ikijaa, mtu mmoja haiwezi. Mwenye ndoo huinama, mwenzake hushika upande wa pili, wanainua pamoja mpaka kichwani. Ndivyo wanawake wa kijiji kile, karibu na njia panda ya Usagara, walivyotwikana maji tangu pampu iwekwe. Asubuhi hiyo Dorotea alijaza ndoo yake, akaweka kata kichwani, akangoja. Hakuna aliyesogea.

"Justa, nitwike, mwanangu," alisema.

Justa alikuwa dada yake Ngosha, na Ngosha alikuwa amezika mtoto wake jana yake. Justa alimtazama Dorotea machoni mara moja, akageuza uso haraka kama aliyetazama jua.

"Mkono unaniuma."

"Basi wewe, mama Shija."

"Mimi mjamzito."

"Mimba ya leo asubuhi? Jana si ulikuwa unapiga jembe!"

Siku nyingine wangecheka mpaka pampu isimame. Leo kila mmoja alitazama miguu yake. Mwishowe alikuja mkwewe, Selina, akikimbia, akamtwika. Walipokuwa wanaondoka sauti ya Justa iliwafuata nyuma.

"Si awaombe miungu wake wa ukutani wamtwike? Yule mmoja ana mikono mingi!"

Macho ya Dorotea yalikuwa mekundu. Alikuwa amepikia kwenye moshi wa kuni tangu utotoni, kisha kwenye moshi wa mkaa katika nyumba ya wageni wa kiwanda cha minofu ya samaki, Mwanza mjini. Wanawake wa rika lake karibu wote walikuwa na macho hayo, maana umeme waliopewa na serikali ni ule wa kwenye hotuba, jikoni wanachochea mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe. Lakini Usukumani macho mekundu kwa mwanamke mzee ni dalili ya uchawi, ni hukumu inayongoja kesi. Msimu uliopita, kijiji cha pili, bibi mmoja alikatwa mapanga kitandani kwake. Polisi walikuja maiti ikiwa imeshazikwa, wakaomba mafuta ya gari, wakaondoka.

Kwa hiyo njiani Selina alikuwa anageuka nyuma tu.

*

Mihayo, mtoto wa Dorotea, alikuwa uani anachonga mpini wa jembe. Zamani alibeba kreti za minofu kiwandani. Kisha Ulaya ikafunga mlango kwa samaki wa ziwa, mitambo ikazimwa, wakubwa wakasema tuvumilie. Wananchi walikuwa wameambiwa soko huria litawaokoa. Soko liliondoka, wakabaki na huria.

"Wamejuaje mambo ya ukutani?" aliuliza aliposikia.

"Justa alikuja kuomba chumvi juzi," Selina alisema. "Alimkuta mama anaweka maji."

"Mama! Si nilikuambia uache kuweka maji?"

"Nilimwahidi Gamage."

"Gamage yuko kwao Sri Lanka anakula maembe. Wewe uko hapa!"

Vitu vyenyewe vilikuwa vitatu. Siku kiwanda kilipofungwa, wageni aliowapikia Dorotea walipelekwa uwanja wa ndege mbio mbio, kila mtu na begi moja, na kila mmoja alimwachia asichoweza kubeba wala kutupa. Gamage, fundi wa majokofu, aliacha sanamu ndogo ya mti, mtu amekaa amekunja miguu, macho nusu yamefumba, na mbele yake bakuli la maji. Lin, mnunuzi wa mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki, kutoka Taiwan, aliacha mwanamke mweupe wa kauri mwenye mikono imemzunguka kama spoki za baiskeli. Tamang wa Nepali, aliyesimamia mashine za barafu, aliacha picha ya kitambaa cha kutundika, imefunikwa na kitambaa kingine cha manjano. Dorotea alijua kilichokuwa chini ya kitambaa, na hakupenda kukiona.

Wote watatu walikuwa Wabudha, wafuasi wa mwalimu mmoja. Ndiyo maana mwanzoni Dorotea alidhani dini yao ni moja.

Mihayo aliweka panga chini. "Sikiliza mama. Watakuita tu. Hebu niambie, Gamage alisemaje kuhusu hii ya kwake?"

"Kwamba huyo Budha alikuwa mtu. Akazaliwa, akahangaika, akaamka akajua chanzo cha mateso, akafundisha, akafa. Hasikii. Ukimwomba kitu hana cha kukupa. Maji ni ya kumkumbusha anayeyaweka. Kila mtu atajivusha mwenyewe kwa mwenendo wake."

"Basi hayo hayo! Sema hayo hayo kwa zote tatu. Hazisikii, hazina nguvu, ni ukumbusho. Nani ataogopa kinyago kisichosikia?"

"Lakini za wenzake siyo hivyo, Mihayo. Walikuwa wakibishana mezani mpaka wali unapoa. Lin alikuwa anamchokoza Gamage, anamwambia, dini yako ni mtumbwi wa mtu mmoja, yangu ni kile kivuko cha Busisi, wanapanda watu, mbuzi na magari. Na huyu mama mwenye mikono ndiye nahodha. Ameapa hashuki ng'ambo mpaka wa mwisho avuke. Ukilia popote anakusikia."

"Na Gamage?"

"Eh, alikuwa anakasirika! Anasema, hii ndiyo njia ya wazee, waliomsikia mwalimu kwa masikio yao. Ninyi mmeongeza abiria na mizigo ambayo mwalimu hakuipakia."

Selina alijikuta anatabasamu. "Na Tamang?"

"Tamang anacheka. Anasema kivuko chake ni kile kile cha Lin, ila yeye amekitia injini. Unaweza kufika katika maisha haya haya. Lakini lazima mwalimu akae pembeni yako akufundishe mdomo kwa sikio. Ukiwasha mwenyewe unapinduka."

"Watu watatu, wali mmoja," Selina alisema.

"Wali mmoja? Ningepumzika! Lin hali hata dagaa. Gamage anakula akipewa. Tamang anakula kila kitu na anaita pilipili."

"Lin hali samaki, na ananunua mabondo?"

"Nilimuuliza. Akacheka, akasema, mama, ndiyo maana mimi nahitaji kivuko kikubwa."

Selina alicheka kwa sauti, akajiziba mdomo. Ndani mtoto wao Kabula alikohoa. Naye alikuwa ameugua homa wiki ile ile ya mtoto wa Ngosha, ila yeye alikuwa amerudi kutoka hospitali.

Mihayo hakucheka. "Watakuua, mama," alisema polepole. "Mimi nitakuwa hapo mlangoni na watakuua."

*

Afisa mtendaji wa kijiji, kijana aitwaye Alexander, alikuwa anapaka viatu dawa juu ya meza ya ofisi.

"Hiyo dini imesajiliwa?" aliuliza.

"Siyo dini yake, mheshimiwa. Mama ni Mkatoliki. Anatunza mali za watu."

"Azitupe."

"Ameahidi kuzitunza."

"Kwani wao watajua?" Alexander aligeuza kiatu. "Andika barua."

"Niandike kwa nani?"

"Kwangu."

"Lakini niko mbele yako."

"Wewe huwezi kwenda kwenye faili. Barua inaweza."

Mihayo alikuwa mtu mzima, amesimama kofia mkononi mbele ya kijana ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimbeba mgongoni enzi za utoto wake.

"Jioni sungusungu wanakaa. Njoo ukae hata pembeni tu, usiseme kitu. Wakiona serikali ipo watajizuia."

"Leo nina semina Misungwi." Alexander alivaa kiatu, akakitazama kikimeta. "Ya utawala bora. Inaanza na chakula."

*

Walikaa mbele ya ghala la pamba la ushirika. Ushirika ulikuwa umekufa, ghala lina popo, lakini mizani ya kupimia pamba bado ilikuwepo na Shimba, kamanda wa sungusungu, alikaa juu yake kama kiti cha enzi. Wanaume walikaa na pinde zao upande mmoja. Wanawake walisimama nyuma. Ngosha alikuwa amenyoa kichwa kwa ajili ya msiba. Alikaa chini peke yake, hatazami mtu.

Vile vitu vitatu viliwekwa juu ya gunia.

"Mayu Dorotea," Shimba alisema kwa adabu, kama mtu amwitaye mama yake. Adabu hiyo ndiyo iliyomtisha Mihayo. "Hatujakuita kwa ubaya. Watu wana hofu. Tuambie hivi ni nini."

Dorotea aliinua sanamu ya Gamage. Alieleza kama alivyoelezwa. Mtu aliyeishi akafa, hasikii, hapokei.

"Kwa hiyo ni kama picha ya marehemu," Shimba alisema.

"Ndiyo, baba. Kama picha ya mwalimu wako."

"Na maji?"

"Ya kunikumbusha mimi."

Wazee walitazamana. Kwa Shimba mwenyewe, nyuma ya zizi, kulikuwa na kibanda cha mizimu, na kila alipovuna alikiwekea unga wa mtama na maji. Hakuna aliyelitaja hilo, lakini mabega yalishuka kidogo.

"Huyu amesinzia tu," mtu mmoja alisema, na wengine wakacheka.

Mihayo aliona mlango umefunguka. Akasimama. "Wazee wangu, na hivyo vingine ni hivyo hivyo. Vyote havisikii. Vyote ni ukumbusho."

"Sijakuuliza wewe," Shimba alisema. "Mayu, ni hivyo hivyo?"

Dorotea alimtazama mwanawe. Mwanawe alikuwa anamsihi kwa macho kama mtoto aliyeshika sketi. Angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu. Lakini aliwakumbuka wale wanaume wanavyogombana mezani, kila mmoja amekamata cha kwake kwa mikono miwili, na aliona kusema ndiyo ni kuwaibia wawili. Tena alikuwa mtu wa kanisa, na watu walikuwa wameuliza kweli.

"Hapana, baba," alisema. "Siyo hivyo hivyo. Huyu mama anasikia. Kila anayelia, yeye anasikia, na mikono hii ni ya kusaidia."

"Na Akeyo alipolia," Justa aliita kutoka nyuma, "mtoto amemlalia mapajani anatupa miguu, huyo mama yako alikuwa wapi?"

Akeyo ni mke wa Ngosha. Hakuwepo, alikuwa amelala ndani kwenye mkeka wa msiba.

"Funua ya tatu," Shimba alisema.

"Niliambiwa nisiifunue mbele ya watu wasiofundishwa, baba."

Hilo lilikuwa kosa. Dawa hufichwa, uchawi hufunikwa, hata mtoto anajua. Pinde zililia watu walipojisogeza. Shimba akashuka kwenye mizani, akavuta kitambaa cha manjano yeye mwenyewe.

Wanawake walipiga kelele. Jitu la rangi ya bluu iliyokoza, meno nje, taji la mafuvu kichwani, miali ya moto nyuma yake, miguu imekanyaga mtu. Shimba mwenyewe alirudi nyuma akagonga mizani.

"Huyu ni nani?"

"Ni mlinzi," Dorotea alisema. "Tamang alisema hasira yake siyo ya watu. Ni ya ujinga na woga ulioko ndani yetu. Anatisha kinachotutisha. Anakanyaga mauti."

Mihayo alifumba macho.

Ngosha aliinuka, kwa mara ya kwanza tangu wakae. Hakupaza sauti. "Anakanyaga mauti ya nani, mayu? Wako na wangu waliugua wiki moja. Homa moja. Wako anakunywa uji."

"Kabula alitundikiwa dripu, Ngosha!" Mihayo alisema. "Nilimpeleka hospitali, nikauza baiskeli nikalipa, baiskeli unayoijua!"

"Mimi zahanati waliniambia dawa hakuna, nikanunue. Na huduma nichangie. Nichangie nini? Pamba yangu ilichukuliwa na mnunuzi binafsi, mpaka leo sijamwona." Ngosha alikishika kichwa chake kilichonyolewa. "Nilirudi naye mgongoni. Nilifikiri amelala."

Kwa kitambo muuaji wa mtoto yule alikuwa karibu kabisa kutajwa jina. Alikuwa pale hewani kati yao, mtu angenyoosha mkono tu. Lakini muuaji huyo alikuwa mbali, amevaa viatu vinavyometa, anakula semina. Dorotea alikuwa karibu, na macho yake yalikuwa mekundu.

Shimba alirudi kukaa juu ya mizani. Alizungumza na wazee kwa Kisukuma, kisha akageuka.

"Sisi hatuui mtu. Sheria imekataza," alisema. "Lakini kijiji kimeamua. Kuanzia leo, mwano wa nyumba hiyo hauitikiwi."

Mwano ni lile yowe la hatari. Ukisikika, usiku au mchana, kila mwanaume hutoka na silaha kukimbilia ulikotoka, na asiyetoka hutozwa ng'ombe. Ndio ukuta pekee ambao kijiji kilikuwa nao, maana kituo cha polisi kiko mbali na gari lake halina mafuta. Sasa ukuta huo ulikuwa umeondolewa mbele ya nyumba moja, na kila aliyekuwepo alijua umeondolewa ili nani apite.

*

"Tuvuke Busisi, kwa mjomba," Mihayo alisema walipofika nyumbani. Alikuwa anatupia nguo kwenye mfuko wa rambo bila kuzikunja.

"Na Kabula hawezi kusimama?" Selina alisema. "Mpaka tufike Kigongo kivuko kimeshalala. Na wakitungojea njiani? Huko porini hata mwano haupo wa kukataliwa."

Mihayo aliacha nguo. Alichukua ile picha, akatafuta kiberiti. "Basi hii inaungua sasa hivi."

"Lete," Dorotea alisema.

"Mama, hii ndiyo imekuhukumu!"

"Lete, Mihayo."

Aliichukua, akatoka nje. Jua lilikuwa linashuka upande wa ziwa. Alisimama juu ya kinu, akaitundika picha kwenye msumari juu ya mlango, kwa nje, ikining'inia mbele ya mbao inatazama njia. Hakuifunika. Kile kitambaa cha manjano alikikunja akakiweka kifuani.

"Umesema isifunuliwe mbele ya wasiofundishwa," Mihayo alisema.

"Leo kijiji kizima kimemwona. Kilichobaki ni akae anapofanyia kazi."

"Wewe unamwamini huyu?"

"Mimi namwamini Bikira Maria," Dorotea alisema akishuka kwenye kinu, mkono kwenye bega la mwanawe. "Lakini wao wanamwamini huyu."

Walifunga mlango, wakausukumia kinu kwa ndani. Kabula walimlaza katikati yao. Dorotea alitoa rozari, na Mihayo, ambaye hakuwa ameigusa rozari tangu kipaimara, alishika ncha yake ya pili.

*

Kulipokucha Mihayo alisukuma kinu, akafungua mlango kidogo, akachungulia, akatoka.

Nyayo zilikuwa kwenye vumbi la ua. Zilikuja kutoka njia ya kuni, za watu kadhaa, zimenyooka moja kwa moja mpaka pale mtu anapoanza kuuona mlango. Hapo zilikuwa zimesimama. Hapo hapo vumbi lilikuwa limechimbika, kama watu waliorudi kinyumenyume wakikanyagana, na tochi ilikuwa imeanguka, bado inawaka kwa mwanga hafifu wa betri inayokufa. Kisha nyayo zilikimbia.

Mihayo aliinama. Unyayo mmoja ulikuwa wa kandambili ya tairi, kisigino kimetiwa kiraka cha pembe tatu. Kiraka hicho alikuwa amekishona yeye, kwa mkono wake, bure, kwa heshima. Sisi hatuui mtu, mwenye kandambili alikuwa amesema, amekaa juu ya mizani.

Mihayo aliufuta unyayo kwa mguu wake. Angempelekea nani habari? Alexander? Ingetakiwa barua.

Dorotea alipita na ndoo.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwani jana waliniambia nisinywe maji?"

Kwenye pampu wanawake walimwona akiwa mbali. Habari ya mlango ilikuwa imefika kabla yake. Foleni ilipasuka katikati, ndoo zikavutwa, naye akajikuta wa kwanza.

"Mwangaluka," aliwaamkia.

Asubuhi hiyo hakuna mdomo uliorudisha salamu. Alipampu mwenyewe mpaka ndoo ikajaa. Akaweka kata, akainama, akangoja, kwa sababu mwili umezoea kungoja. Aliwatazama mmoja mmoja, mama Shija na mimba yake ya jana, Justa na mkono wake unaouma, wengine aliowazalisha.

"Mikono yote hii," alisema.

Kisha aliinamisha ndoo, akamwaga nusu. Maji yalitiririka mpaka miguuni kwa Justa, naye akaruka kama yanaunguza. Dorotea akainua ndoo nusu kwa nguvu zake, goti, paja, kifua, kichwa, akaondoka nayo bila kugeuka.

Nyumbani aliyagawa maji. Ya uji wa Kabula, ya sufuria, kidogo ya kunawa. Yaliyobaki aliyamimina kwenye bakuli, akaliweka mbele ya sanamu ya Gamage.

"Hata leo, mama?" Selina alinong'ona. "Maji yenyewe nusu ndoo."

"Ni ya kunikumbusha."

"Kukukumbusha nini?"

"Kwamba nimejitwika mwenyewe."

Kitu kiligonga bati. Kikagonga tena. Yalikuwa matone ya kwanza ya mvua za vuli, makubwa, ya upande wa ziwa. Wote wanne, hata Kabula kitandani, waligeuka kutazama mlango, ambako nje yake yule mlinzi, aliyechorwa kwa rangi juu ya kitambaa, alikuwa anaanza kulowa.